Bibi Anayeanguka

Tarehe 5, mwezi wa tano

Wewe Kijiko,

Sikusalimu. Salamu hupewa mtu anayefika, na wewe hufiki. Mara ya mwisho ulipokanyaga hapa nilikuwa bado na lile jino la mbele. Sasa hata pengo lake nimeshalizoea. Uliniambia, "Bibi, Jumapili hii nakuja," nikafagia, nikapika, nikavaa. Jumapili hiyo imeshaoza. Na usijisumbue kupiga simu, sipokei. Kwenye simu unasema, "Bibi, subiri kidogo, kuna mtu mlangoni," halafu ndiyo basi tena. Barua huwezi kuikata katikati. Hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, na nimemwambia asipokufikishia nitamngojea stendi na mwiko mkononi.

Sasa kaa chini.

Mjomba wako alikuja jana na ile sura yake ya kupimia vyuma. Anasema alipeleka fremu za meza hapo chuoni kwenu, akapita ukumbini, akakuta ukuta mzima umejaa michoro. Juu yake kumeandikwa BIBI ANAYEANGUKA. Akasimama acheke, akidhani ni bibi wa watu. Halafu akauona mlango. Mlango wa buluu wenye maneno SABUNI BORA yaliyokaa kichwa chini miguu juu. Kijiko, duniani kuna milango mingapi ya namna hiyo? Upo mmoja! Babu yako aliutengeneza kwa kibao cha duka alichokiandika mwenyewe, mwenye duka akakataa kukilipia, na akaupachika juu chini kwa hasira. Mjomba wako amekua akiupita mlango huo. Asingeujua?

Nilianguka bafuni. Nilikuambia wewe peke yako, kwa kunong'ona, tena baada ya kukuapisha. Nilikuambia kwa sababu ulinisikia sauti haiko sawa ukanibana. Sikukuambia ili darasa zima lijue kuwa bibi yako alilala chali sakafuni na sabuni mkononi.

Sasa mjomba wako ananiambia, "Mama, kama hata chuo kinajua unaanguka, mimi ni nani nisijue?" Anataka nihamie kwake, kile chumba cha nyuma kinachopakana na karakana, nikasikilize vyuma vikikatwa tangu alfajiri. Nyumba hii ipigwe kufuli. Mwisho wa mwezi wa sita anakuja na gari la mizigo. Amesema kama anavyotaja bei zake, hapunguzi.

Nimekulea kwa mikono hii. Nimekufuta makamasi kwa ncha ya nguo yangu mwenyewe. Leo umenianika ukutani kama nguo ya ndani.

Jibu upesi, na usinipambie maneno.

Bibi yako, ambaye mpaka sasa amesimama


12 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nimeiweka.

Umesema nisipambe. Nilikosea kuuelezea mlango. Nilipokuwa nawasimulia wanafunzi juu ya nyumba niliutaja kwa sababu naupenda, nao wote wakauchora. Jina lako sikulitaja. Mjomba sikujua kama angepita ukumbini siku hiyo.

Ila kukuweka wewe kwenye somo sikukosea, na nitakueleza kwa nini, hata ukinitupia mwiko.

Hawa ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wamekuja kusomea kubuni vifaa: viti, taa, vyombo, vitu vya kushikwa na watu. Kazi yangu mimi ni kuwafundisha kupata wazo, na wakishalipata wasilioe siku hiyo hiyo. Wazo la kwanza ni la kila mtu, Bibi. Mwambie mtu yeyote kwamba mzee ameanguka bafuni, atakuchorea chuma cha kushikilia. Wazo la pili kalisikia kwa jirani. Mpaka achoke, aone hana tena kitu kichwani, aone aibu, hapo ndipo linapoanza kuja la kwake. Kwa hiyo saa ya kwanza nina sheria moja: hakuna kusema "baya" na hakuna kuuliza maswali. Ni kuchora tu mpaka mkono uume.

Na hawawezi kubuni kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mwaka jana niliwapa "mzee fulani", wakanichorea fimbo zenye taa za rangi. Mwaka huu nikawapa mtu ninayempenda. Walichora kama wanaokuokoa wewe.

Sasa na mimi nikuulize. Unaniapisha nisimwambie mtu, halafu unabaki peke yako kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji. Ulifikiri nifanye nini na kiapo hicho? Nikitie kwenye chai ninywe?

Nilikwenda karakana kwa Mjomba. Tulifokeana mbele ya wateja, mmoja akaondoka na geti lake halijapakwa rangi. Mwishowe Mjomba akasema: "Haya. Wewe na darasa lako tengenezeni kitu. Mwisho wa Juni nikija nikaona bafu haliwezi kumwangusha, abaki. Nikiona linaweza, nampakia yeye na kitanda chake."

Kwa hiyo, Bibi, hatuna muda wa kununa. Nakutumia nakala za michoro yote kwenye bahasha. Itazame. Niambie ipi inafaa tuiendeleze.

Mjukuu wako,
Kijiko


Tarehe 20, mwezi wa tano

Mwalimu,

Bahasha imefika. Kondakta aliishika kama mtoto mchanga, nadhani habari za mwiko zimemwingia.

Nimeitandaza michoro kitandani, maana meza haikutosha. Nikavaa miwani. Nikakasirika upya.

Wa kwanza kanichora mgongo kama ndoano ya bucha. Nani kamwambia niko hivyo? Mwingine kaweka kengele, nikianguka inalia. Ikishalia ndiyo itaninyanyua? Mwingine kanitandikia magodoro bafu zima, kwa hiyo sijui nikaoge au nikalale. Kuna bingwa mmoja kabuni kiti kinachonisukuma matakoni ili nisimame. Mwambie kusukumwa kwa nyuma ndiko kunakoangusha watu. Na vyuma vya kushikilia, mama yangu! Vyuma kila ukuta. Nikiingia mle sitajua ni bafu au ni kituo cha polisi.

Halafu huyu wa kamba. Kamba imefungwa darini, imepita kwenye kigurudumu, imeshuka mpaka kiunoni mwangu. Nikitaka kusimama, navuta. Nimeugeuza mchoro huku na huku nikidhani ni ndoo ya kisimani. Na pembeni kanichora uso nacheka! Naning'inia kisimani kama ndoo, na nacheka! Huyu ndiye wa mwisho kabisa. Nimeubandika mchoro wake jikoni niwe naukasirikia nikikoroga chungu.

Na hiyo sheria yako ya kutosema "baya". Nani kakufundisha hiyo? Si mimi. Ulipokuwa mdogo ulifinyanga vyungu vya udongo, vimepinda kama vimetoka kugombana, nikakwambia vimepinda. Ulikufa?

Bafu langu nalijua. Nikifumba macho naoga na narudi. Bafu halina ubaya na mtu. Waambie wachore vitu vyao huko, mimi waniache.

Nawe unaandika "hatuna muda wa kununa". Muda unao. Huna nauli ya moyo tu. Ungekuwa nayo ungekuja uyaone hayo mabafu badala ya kuyatuma kwa bahasha.

Bibi yako, ambaye hajachekwa wala hajaning'inia


27 Mei

Bibi,

Sikufa. Lakini sikufinyanga tena.

Umesahau? Vile vyungu nilivitupa nyuma ya choo, na mpaka leo udongo nauogopa. Nafundisha mbao, chuma, karatasi, kitambaa. Udongo nimempa mwalimu mwingine. Sikulaumu, vilikuwa vimepinda kweli. Nakueleza tu sheria yangu imetoka wapi, kwa kuwa umeuliza.

Na huyo wa kamba ni msichana mrefu anayeinama akiingia kila mlango, hata ulio mrefu kumzidi. Alipobandika mchoro wake, mwenzake mmoja alicheka. Ni sekunde tu. Alichukua mkoba akatoka, akakaa nje ukutani mpaka kipindi kikaisha. Tangu siku hiyo hakuja tena darasani, mpaka nilipomrudisha kwa kumwonyesha barua yako. Nilimsomea pale uliposema umebandika mchoro wake jikoni. Nikaishia hapo. Kilichofuata sikumsomea.

Kamba yenyewe haifai, najua. Ila wazo halitupwi, linawekwa pembeni. Mara nyingine lile la kijinga ndilo lina kipande kimoja kizuri, na hukijui mpaka ulifungue.

Sasa tumefika hatua nyingine. Wamechagua chuma kimoja chepesi cha kushikilia, kinachopinda kufuata mkono, wamekitengeneza kwa katoni, kila kipande kwa kipimo chake. Kitu cha katoni hakikamiliki mpaka mwenye shida akishike mwenyewe. Kwa hiyo namtuma msichana wa kamba aje nacho kwako. Nimemwagiza akuonyeshe, kisha akae kimya siku nzima akutazame unavyoishi. Hiyo ndiyo kazi yake: kutazama na kufunga mdomo.

Ningekuja mwenyewe, Bibi. Ila mitihani imeanza, na mkuu wa idara anataka alama kabla ya Ijumaa, na nina mafua. Najua utasema nini.

Tafadhali usimfukuze.

Kijiko


Tarehe 4, mwezi wa sita

Kijiko,

Hizo sababu tatu nimezihesabu. Iliyobaki ni kusema umeumwa na nyuki.

Mgeni wako alikuja. Kweli anainama hata mlango usipomtaka. Nilimpa kiti, akakaa. Nilimpa uji, akanywa. Nikamuuliza habari za masomo, akasema "nzuri" akafunga domo. Basi siku nzima nina mtu mrefu kwenye kona ananitazama kama mbuzi anayefikiria. Nikichambua mchele, macho. Nikifua, macho. Nikapiga chafya, akaandika! Nikamwambia, "Binti, chafya yangu nayo mtaitengenezea chuma?" Akacheka. Ana meno mazuri, mwambie asiyafiche.

Jioni, wakati wa kuondoka, ndiyo akaniuliza swali moja: "Bibi, kule getini huwa unatazama nini?" Nikamwambia natazama kama barabara bado ipo. Akaniangalia kidogo, akashukuru, akaenda zake.

Sasa nisikilize. Nimefikiri. Hicho chuma chenu cha katoni nimekishika na ni kizuri. Kiwekeni bafuni, na kingine mlangoni mwa bafu, na kingine mkipenda. Mjomba wako akija avione, aridhike, aende zake na gari lake. Mimi nimekubali. Limekwisha. Tusilizungumze tena, na usitume tena mtu wa kunitazama.

Bibi yako


9 Juni

Bibi,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nikafurahi. Mara ya pili nikashangaa. Lini wewe umewahi kukubali kitu kwa mistari miwili?

Msichana wa kamba alinisomea aliyoyaandika. Anasema bafuni uliingia na kutoka mikono ikiwa imejaa, hukushika ukuta hata mara moja. Chuma cha katoni ulikishika kwa adabu tu, kama mtu anayepokea zawadi ya kitu alicho nacho. Ila kila ulipomaliza kazi, ulikwenda getini. Chini ya geti kuna debe la rangi la Babu, limepinduliwa. Ulipanda juu yake, ukashika kingo za geti, ukachungulia juu, ukashuka. Ukapika, ukarudi. Ukafua, ukarudi. Debe linatikisika. Pembeni yake saruji ina alama ya rangi ya buluu, pale lilipokwaruza likiteleza na kupinduka.

Hukuanguka bafuni.

Ulianguka getini, Bibi. Kutoka juu ya debe. Na uliponipigia simu sauti ikiwa vile ilikuwa Jumapili jioni. Ile Jumapili. Niliyosema nakuja.

Niliposhika kalamu nilikuwa nataka kulia, ila nimekasirika mno. Umetudanganya darasa zima! Muhula mzima vijana wamechora bafu ambalo halijamwangusha mtu. Na mimi! Kila kipindi nawaambia, "Msikubali shida mliyopewa, kaitazameni kwa macho yenu," halafu mwenyewe nimechukua shida kwenye simu nikawagawia kama karatasi za mtihani. Siku ya kwanza kabisa yule msichana aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, una hakika alianguka bafuni?" Nikamwambia saa hii si ya maswali.

Kwa nini? Kama ulitaka nione aibu ya kutokuja, ungenitukana tu. Unaweza. Sijawahi kukuona ukikosa maneno. Kwa nini bafu?

Leo ni tarehe tisa. Mjomba anakuja mwisho wa mwezi, atakagua bafu, ataona vyuma, ataridhika, na kesho yake wewe utapanda debe. Siwezi kunyamazia hilo. Nitamwambia.

Kijiko


Tarehe 13, mwezi wa sita

Kijiko, USITHUBUTU.

Nimeandika kwa herufi kubwa kama alivyonifundisha babu yako kwenye vibao vya maduka, ili uione kutoka barabarani.

Unadhani nimedanganya kwa ajili yako? Wewe ni mkubwa kiasi gani mpaka nikudanganyie? Kuhusu wewe ningesema ukweli kwenye kipaza sauti.

Geti hilo kalitengeneza mjomba wako. Umesahau hapo mwanzo kulikuwa na nini? Kulikuwa na uzio wa fito. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu uani naona njia yote mpaka kona ya duka. Nani kapita, nani kanenepa, nani anarudi na mume wa nani. Halafu wezi wakaja wakachukua sufuria zangu na redio ya babu yako. Mjomba wako alilia, mtu mzima yule, akasema, "Mama, hakuna atakayekuchungulia tena." Akalichomelea geti usiku na mchana, bati zima, halina hata tundu la sindano. Lilimuunguza mkono hapa, kwenye kiganja, kovu utaliona mpaka leo akishika kikombe. Akilipita analipapasa. Wateja wake anawaleta walione. "Hili nimemtengenezea mama."

Sasa nimwambie nini? Kwamba kanifungia? Kwamba tangu aliweke naishi kama kitu kilicho ndani ya kabati? Kwamba zawadi ya mkono wake ulioungua ndiyo iliyonipandisha kwenye debe? Bora bafu. Bafu halina mtu wa kuumia.

Kwa hiyo funga domo. Nitaachana na debe. Nitalitupa. Weka vyuma vyako, mwache mwanangu alale.

Ukimwambia, nikifa usishike hata kona ya jeneza langu.

Bibi


17 Juni

Bibi,

Barua yako imefika leo. Mjomba nilimwambia juzi.

Alikuwa anakata bomba. Nilimweleza yote, debe, Jumapili ile, alama ya rangi. Alizima mashine. Alivua glavu moja akabaki na nyingine. Nikangoja anifokee, maana kufokeana tumezoea. Akauliza tu, "Debe lipi? Lile kubwa au dogo?" Nikasema kubwa. Akaitikia kwa kichwa, akawasha mashine tena. Nilisimama pale mpaka nikaona ninamzuia mwanga.

Sijui amekusudia nini. Simu hapokei. Naona ni ugonjwa wa ukoo.

Umekasirika, najua. Mimi pia bado. Ningesubiri barua yako ningejua kuhusu kiganja, na huenda ningemwambia kwa namna nyingine. Lakini ningemwambia. Mtu akikutengenezea kitu na kitu hicho kikakuumiza, anayestahili kujua wa kwanza ni yeye. Nawafundisha watu hilo kila siku, nikilikataa nyumbani nitakuwa nafundisha nini?

Ukumbini nimeteremsha michoro yote. Wanafunzi walinuna, nikawaambia tuliochora wote tulichora kwa dhati nyumba isiyo na shida hiyo, mimi nikiwa wa kwanza. Yule msichana hakujisifu. Kaomba kamba yake nimrudishie, anataka kuitazama tena.

Nakuja Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba. Si "natarajia". Tiketi iko mfukoni. Usinipikie. Usinisubiri getini.

Kijiko


Tarehe 1, mwezi wa saba

Kijiko,

Bado sijakusamehe, soma ukijua hivyo.

Alikuja. Peke yake, bila gari la mizigo. Hakuniamkia. Akalikuta debe pale pale, maana nilisema nitalitupa na sikulitupa. Akaligusa kwa mguu, likatikisika. Akasema, "Mama." Nikasema, "Nini?" Akaenda akakaa kwenye kiti changu, pale ninapokaa, uso kwenye geti lake. Akakaa. Mimi napika, yeye amekaa. Nikampelekea chakula, akala akilitazama lile bati. Hakuna cha kuona pale, Kijiko, ni kijivu tu. Mwishowe akaniuliza, "Kila siku?" Nikasema, "Si kila siku. Siku nyingine mvua hunyesha."

Akatoa chaki. Akachora kwenye geti kitobo kama cha macho ya askari wa jela. Nikamwambia, "Hilo la kwanza ni la kila mtu. Futa." Akageuka kunitazama kama nimevaa kofia. Nikamweleza sheria za darasa lako, zote, hata ile ya kutosema "baya", nikaivunja hapo hapo. Akachora jingine: wazo la jirani. Jingine. Akaja jirani akachungulia akauliza mnafanya nini, nikamwambia tunakosea, mtupishe. Mpaka jua linageuka geti zima limejaa chaki, vidirisha, vipenyo, moja kama samaki. Mwanangu, ambaye hajawahi kubadili kipimo tangu azaliwe! Alikuwa na chaki hadi kwenye nyusi. Akaniketisha kitini, akanipima macho yalipo nikiwa nimekaa, si nikiwa nimesimama. Akakata.

Ni dirisha refu, jembamba, limelala. Lina nondo, mwizi hapitishi hata kijiko. Lina kifuniko cha bati, usiku unafunga. Shida ikawa hiyo: kila kukicha niinuke, niende, nifungue? Ndipo nikakumbuka jikoni. Nikaenda nikabandua mchoro wa yule binti, nikamletea. Kautazama, kaugeuza, kasema, "Huyu anayening'inia ni nani?" Nikasema, "Ni mimi, wacha maswali, tazama kigurudumu." Sasa kamba imetoka kwenye kiti changu, imepita kwenye kigurudumu juu ya nguzo, imeshika kifuniko. Navuta, barabara inafunguka. Mwambie binti haikuwa mbaya. Ilikuwa imefungwa mahali pasipo pake tu. Na mwambie kwamba sasa hivi ninacheka vile vile alivyonichora. Shetani wa mtoto.

Mjomba wako alipomaliza akalipapasa geti kama kawaida yake, mkono wenye kovu. Nikadhani atalia. Akasema tu, "Hili sasa ndilo." Sihami. Gari la mizigo limepelekwa kubeba mchanga. Debe amelichukua, anasema atalitobolea matundu awekee mkaa.

Sasa wewe.

Nilikuwa na hasira na wewe kiasi cha kukosa usingizi, nikasema nitumie hiyo elimu yako. Nikachora njia za kukuadhibu. Ya kwanza ilikuwa fimbo. Ya kila mtu, nikaifuta. Ya pili kukununia, ya jirani. Nikaendelea mpaka nikaona aibu, kuna moja nilikutia kwenye gunia. Halafu ikaja ya kwangu.

Na vyungu, hilo la vyungu umeniuma nalo. Udongo nimeloweka ndoo nzima, uko nyuma. Vifinyange vimepinda unavyotaka, nitavitia maji nivinywee mbele yako. Lakini adhabu kwanza.

Jumapili ukifika, usipige hodi. Geti litakuwa wazi, ulirudishe ukiingia, na ndani hakutakuwa na mtu. Kaa kwenye kiti changu. Vuta kamba. Usisome kitu, usishike simu, usiinuke. Tazama njia mpaka kona ya duka. Mimi nitakuwa nimetoka kidogo. Nitakuachia karatasi kitini: narudi sasa hivi.

Nitachelewa.

Bibi yako